Mtoto Mgongoni: Skii, Mipaka na Karatasi Zetu

Leo naandika kuhusu mchezo ambao hapa kwetu sijaona hata mtu mmoja anaucheza: mbio za skii. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, ndo mtaona kama mchezo huu hautuhusu.

Skii ziko za aina nyingi. Zile tunazoziona kwenye filamu, mtu anashuka mlima kama jiwe limeachiwa, mimi siongelei hizo. Naongelea skii za masafa marefu. Hapo mtu anavaa vibao viwili virefu vyembamba miguuni, anashika fimbo mbili, anapita kwenye theluji kilomita tano, kumi, hata hamsini. Kilima anakipanda kwa nguvu zake mwenyewe, hakuna mashine ya kumvuta. Ni kama mbio ndefu za Wakenya na Waganda, ila hapa mikono nayo inakimbia. Chini ya vibao wanapaka nta: sehemu ya katikati inapakwa ya kushika theluji ili mtu asirudi nyuma akipanda, na huku mbele na nyuma inapakwa ya kuteleza. Ukikosea nta, hata uwe na mapafu ya simba, siku hiyo umekwisha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua mwaka huu tu. Mbio mbili kati ya zile kubwa kabisa za mchezo huu, zile ambazo maelfu ya watu wa kawaida wanaingia, zilianzishwa kukumbuka watu waliokuwa wanakimbia kuuawa.

Ya kwanza iko Norwei, inaitwa Birkebeinerrennet. Mwaka 1206 nchi ile ilikuwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe. Mfalme alikuwa amekufa, ameacha mtoto mchanga jina lake Haakon, na kundi la upande wa pili lilikuwa karibu. Wapiganaji wawili walimchukua yule mtoto, ana kama mwaka mmoja na nusu, wakavuka naye milima kwa skii katikati ya baridi, kutoka Lillehammer kwenda bonde la Østerdalen, ili afikishwe mahali salama. Kundi lao liliitwa Birkebeiner, maana yake watu wa miguu ya magome, kwa sababu walikuwa maskini, walijifunga magome ya mti miguuni badala ya viatu. Yule mtoto alipona. Mwaka 1217 akawa mfalme. Mashindano yalianza mwaka 1932, ni kilomita 54 kutoka Rena mpaka Lillehammer, na kila mshindani lazima abebe mfuko mgongoni wenye uzito usiopungua kilo 3.5. Ule mfuko ni yule mtoto.

Ya pili iko Uswidi, inaitwa Vasaloppet, kilomita 90 kutoka Sälen mpaka Mora. Gustav Vasa alikuwa kijana ambaye baba yake aliuawa mwaka 1520, pamoja na wakubwa wengine wengi, kwa amri ya mfalme wa Denmark aliyekuwa anaitawala nchi yao. Yeye akakimbia, akajificha huku na huku. Masimulizi yanasema alifika Mora akawaomba watu wainuke, wakasitasita, basi akashika njia ya theluji kuelekea mpaka wa Norwei. Baadaye watu wa Mora walibadilisha mawazo, wakatuma wanaume wawili hodari wa skii wamfuate, wakamkuta karibu na Sälen wakamrudisha. Mwaka 1523 akawa mfalme wa Uswidi. Mwaka 1922 watu 119 walisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za kwanza za kumkumbuka. Siku hizi ni maelfu.

Yaani mzungu anafanya mazoezi mwaka mzima, ananunua vibao vya bei ghali, anaamka usiku kupanga mstari, ili arudie njia ya mtu aliyekuwa anakimbia. Sisi njia zetu hakuna anayezirudia. Lakini tukizitazama vizuri, zinafanana sana.

Nimejuaje haya yote? Kupitia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Jina lake silitaji kwa sababu ni mtoto na mambo yake ni yake. Alizaliwa Rutshuru mwisho wa mwaka 2010. Vita ilipofika Bunagana mwezi wa saba mwaka 2012, mama mdogo alimfunga mgongoni kwa kitenge, tukavuka Uganda na watu wengine wengi. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Umri uleule. Tulilala Nyakabande, kisha lori zikatuleta hapa Rwamwanja. Mwaka 2018 familia ya mama mdogo ilipata nafasi ya kuhamishiwa Norwei. Sisi tukabaki, wao wakaenda, na tangu hapo undugu wetu unaishi kwenye simu.

Kule shuleni watoto wote wanapewa skii kama huku tunavyopewa mpira wa makaratasi. Mwanzo alilia, anaanguka kila hatua. Halafu akapenda. Kiangazi wanafanya mazoezi barabarani na skii za magurudumu. Baridi wanafanya usiku, njia zimewekewa taa msituni. Kitu kimoja kilinishangaza: kule, kwenye mashindano ya watoto wadogo, hawatoi orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho mpaka mwaka ambao mtoto anafikisha miaka 11. Wanacheza tu, wote wanapewa zawadi. Mimi niliyesoma darasa la watoto zaidi ya mia, ambapo mwalimu alisoma namba za watu kwa sauti kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, nilinyamaza kidogo.

Siku alipomweleza mama yake habari ya mfuko wa kilo tatu na nusu, mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Akanitumia sauti: "Kilo tatu na nusu ni mtoto wa siku moja! Huyu mimi nilimubeba ako na kilo kumi na moja, na sufuria kichwani, na hakuna mutu alinipa medali." Kisha akanyamaza, halafu akasema polepole: "Lakini ni vizuri wanakumbuka."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Msimu huu klabu ya mdogo wangu ilipanga safari ya kwenda Uswidi kushindana. Pesa ya safari wazazi waliitafuta pamoja: wanauza karatasi za chooni nyumba kwa nyumba, wanapika keki za waffle na kuziuza kwenye mashindano. Mama mdogo naye alisimama nje kwenye baridi na mzigo wa karatasi za chooni, anagonga milango kwa Kinorwei cha kuungaunga. Alisema majirani walinunua zote.

Halafu kocha akaandika ujumbe kwenye kundi la wazazi: kila mtoto abebe pasipoti au kitambulisho. Usiku huo nilipata sauti kutoka kwa mdogo wangu. Namnukuu alivyosema, kwa Kiswahili chake cha sasa: "Yaya, mimi sina pasipoti. Niko na ile kitabu ya wakimbizi. Wenzangu wote ni Wanorwei. Polisi akiingia kwa basi, atanishusha mimi peke yangu?"

Vijana, mtoto wa miaka 15 yuko katika nchi yenye amani, anakula vizuri, anasoma vizuri, na bado usingizi unakatika kwa sababu ya karatasi. Woga huu tunausafirisha hata tukipanda ndege.

Nilimjibu kwa yale ninayoyajua, na naomba niyaandike hapa kwa sababu wengi wetu hatuyajui. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 28, unasema nchi zilizotia sahihi zitampa mkimbizi anayeishi kihalali katika ardhi yao hati ya kusafiria nje, isipokuwa kuwe na sababu nzito za usalama wa taifa au amani ya umma. Hati hiyo si pasipoti ya taifa, lakini inafanya kazi ya pasipoti. Haikusamehe viza, nchi unayokwenda ikitaka viza, utaiomba kama wengine. Na kuna kitu kikubwa ambacho watu wanakisahau: nchi iliyokupa hati ina wajibu wa kukupokea tena wakati wowote hati hiyo ingali hai. Mtu wa ubalozi akikuuliza "ukienda utarudi wapi?", jibu limeshaandikwa kwenye mkataba.

Kwa mdogo wangu jambo lilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu Norwei na Uswidi zote ziko kwenye eneo la Schengen. Mwenye hati ya wakimbizi ya Norwei na kibali cha kukaa anaruhusiwa kuingia kwa safari fupi bila viza. Wenzake, kwa kuwa ni raia wa nchi za Nordiki, hawahitaji pasipoti kabisa kati ya nchi hizo, ni utaratibu wa tangu miaka ya 1950. Yeye anahitaji kitabu chake. Basi akakibeba kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga zipu.

Hakuna polisi aliyeingia. Mpaka wenyewe ulikuwa kibao kando ya barabara, chenye jina la nchi, na miti. Alikuwa ameshika simu tayari kurekodi, akapata sekunde nne: kibao kinakuja, kibao kinapita, watoto wanaimba nyuma. Akamtumia mama yake. Mama mdogo aliitazama ile video mara nyingi, kisha akaniuliza: "Na hapo ndo mupaka?" Kwake mpaka ni Bunagana, watu wamejaa barabara nzima, magodoro vichwani, risasi mlimani nyuma, na mwanajeshi anayekuangalia usoni. Hakuamini kwamba kuna mpaka unaopita ukiwa unaimba.

Na kitu cha pili: orodha ya washindani. Mdogo wangu alikuwa anaogopa ile sehemu ya kuandika taifa. Aandike Norwei? Si raia bado. Aandike Congo? Aliondoka mgongoni, hakumbuki hata rangi ya udongo, na hati yake inaruhusu nchi zote isipokuwa hiyohiyo. Kumbe kwenye mbio za vijana kama zile hawaandiki bendera. Wanaandika jina, mwaka wa kuzaliwa na klabu. Akanitumia picha ya ile orodha, jina la babu yetu limeandikwa katikati ya majina ya Kiskandinavia, na mbele yake jina la klabu yake. "Yaya, hapa hawaulizi unatoka wapi, wanauliza uko klabu gani." Alimaliza nafasi ya 41. Nta ilikuwa sawa, alisema, mapafu ndo hayakutosha. Alifurahi kama amepata ya kwanza.

Ningeweza kuishia hapo, tukapiga makofi. Lakini mchezo una ngazi, na ngazi inayofuata ni nyingine. Mbio zinazosimamiwa na shirikisho la kimataifa la skii, FIS, zinataka leseni, na leseni inatolewa na chama cha nchi kwa raia wa nchi hiyo, anayethibitisha kwa pasipoti. Akifika umri wa mbio hizo kabla uraia haujatoka, atawasukuma wenzake kwenye mazoezi na kuwaaga kwenye basi. Anajua. Kocha amemweleza bila kumficha. Anasema ataendelea kufanya mazoezi tu.

Mchezo wenyewe una roho kubwa kuliko sheria zake. Mnamjua Philip Boit? Ni Mkenya wa upande wa Eldoret, mkimbiaji wa mita 800, mpwa wa Mike Boit aliyepata medali ya shaba mwaka 1972. Mwaka 1996 alipelekwa Finland pamoja na mwenzake Henry Bitok, kwa ufadhili wa kampuni ya Nike, wajifunze skii. Hakuwahi kuona theluji maisha yake yote. Miaka miwili baadaye, mwezi wa pili 1998, alikuwa kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mbio za kilomita 10. Alikuwa wa mwisho, nafasi ya 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimaliza kwa dakika 27. Boit alitumia dakika 47. Dæhlie, ambaye tayari alikuwa ameshinda, alibaki pale kwenye mstari wa mwisho kwenye hali mbaya ya hewa akimsubiri, na sherehe ya medali ikasubiri pia. Alipofika, akamkumbatia. Boit alirudi Kenya akampa mwanawe jina la Daehlie. Kisha akaenda tena Olimpiki mwaka 2002 na 2006.

Hadithi hii naipenda. Lakini mkumbuke: Boit alifika kwenye ule mstari akiwa na nchi, pasipoti na mfadhili. Mshindi anaweza kumsubiri mtu wa mwisho anayeonekana kwa mbali. Aliyekwama nyumbani kwa sababu ya karatasi hakuna anayejua kwamba anatakiwa kusubiriwa.

Mwaka 2016 dunia ilifungua mlango kidogo. Timu ya kwanza ya wakimbizi ilikwenda Olimpiki ya Rio, watu 10, na watano kati yao walikuwa vijana wa Sudan Kusini waliochaguliwa Kakuma. Wawili walikuwa Wakongomani wenzetu, Popole Misenga na Yolande Mabika, wa judo. Tokyo walikwenda 29, Paris mwaka 2024 walikwenda 37, na Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kameruni anayeishi Uingereza, akapata shaba ya ngumi, medali ya kwanza kabisa ya timu hiyo. Kwa upande wa Olimpiki ya baridi, hadi ile ya Beijing mwaka 2022 hakukuwa na timu ya wakimbizi. Labda ni watoto kama mdogo wangu watakaolazimisha swali hilo liulizwe.

Nimemtaja Popole na Yolande kwa sababu nyingine pia, na hapa naomba tuongee ukweli bila kuoneana haya. Wao hawakufika Brazili kama wakimbizi. Walikwenda mwaka 2013 kuiwakilisha Congo kwenye mashindano ya dunia ya judo. Walieleza kwamba waliachwa hotelini bila pasipoti wala chakula cha kutosha, wakatoka, wakaomba hifadhi. Huku kwetu kuna msemo wa barazani: "Ukipata safari ya michezo, bwana, usirudi." Tunausema tukicheka, na anayetoa viza anaujua pia. Ndo maana kijana wa kambini akiomba kwenda kucheza siku tano, anaangaliwa kama mtu aliyekuja kuiba.

Mimi simhukumu anayekimbia hatari. Sisi wote ni watoto wa watu waliokimbia. Mwenye hatari ana haki ya kuomba hifadhi popote alipo, na hilo halifutwi na jezi. Lakini kama hatari yako hapa si ya kuuawa, ni ya kuchoka tu na maisha ya mgao wa chakula, basi ujue kwamba ukibaki kule, kiti ulichokalia hakipati mtu mwingine mwaka ujao. Naandika hivyo nikiwa nimechoka na mgao kama ninyi. Na kwa upande wa pili, wenye ofisi nao waache kutuadhibu sisi kwa safari ambazo hatujasafiri bado.

Nieleze kilichotokea karibu na hapa, ili msione naongea habari za Ulaya tu. Miaka miwili iliyopita timu ya vijana ninayoisaidia ilialikwa mashindano ya mpira nchi jirani. Mchanganyiko mzuri: Wakongomani, Wanyarwanda na Waganda wa vijiji vinavyotuzunguka. Shirika moja lilitoa jezi, viatu, nauli na mabango ya amani na kuishi pamoja. Tulifanya mazoezi wiki sita. Siku tisa kabla ya safari ndo tukaambiwa kwamba wakimbizi wanatakiwa kuwa na hati ya kusafiria, karatasi ya familia haitoshi kuvuka. Hakuna aliyekuwa ameuliza mapema, na siku tisa hazitoshi kwa hati yoyote. Wachezaji saba wakabaki. Kipa alikuwa mmoja wao. Basi liliondoka saa kumi na moja alfajiri, na wale saba walikuja kuwaaga wakiwa wamevaa jezi, kwa sababu jezi zilikuwa zimeshagawiwa.

Timu ilikwenda, ikafungwa, ikarudi. Hilo si neno. Lililoniuma ni picha za shirika baada ya safari. Ziliandikwa kuhusu wakimbizi na wenyeji kucheza pamoja ng'ambo ya mpaka. Kwenye picha walikuwepo wenyeji tu.

Kwa hiyo kwenu mnaofanya kazi na sisi, ombi langu ni dogo. Mkipanga safari ya vijana, hati iwe mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya jezi. Pesa ya hati, pesa ya picha, pesa ya nauli ya kufuatilia ofisini mara tatu nne. Na muda uwe wa miezi. Mkipata barua ya mwaliko, kabla ya kuwatangazia vijana, kaeni na ofisi inayohusika mjue nani anaweza kuvuka na nani hawezi. Mtoto kuambiwa mapema kwamba safari hii haiwezekani ni afadhali kuliko kupewa jezi ya kuagia basi.

Na sisi vijana tusisubiri. Hapa Uganda maombi ya hati yanapitia Ofisi ya Waziri Mkuu na idara ya uhamiaji ndiyo inayotoa. Anza na kitu unachokimiliki leo: karatasi ya familia. Angalia jina lako limeandikwaje. Angalia tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu tumeandikishwa usiku, mvua inanyesha, mama amechoka, na mwandishi anasikia jina la Kihunde kwa mara ya kwanza maishani. Mtu mmoja ana jina tofauti kwenye karatasi ya familia, kwenye cheti cha shule na kwenye cheti cha chanjo. Siku hakuna safari ndo siku ya kurekebisha. Siku ya safari ukigundua kosa, umechelewa tayari.

Makocha wenzangu, tuwe na daftari. Kila mchezaji, jina kama lilivyo kwenye karatasi, namba, tarehe, na nini kinakosekana. Sisi tumeanza. Kati ya wachezaji 22, sita wana tarehe zisizolingana na watatu hawapo kabisa kwenye karatasi ya familia wanayoishi nayo, kwa sababu walikuja na jirani, si na mzazi. Hao watatu ndo wa kuwashughulikia kwanza. Yule kipa ameshapeleka maombi yake ya hati, na ijumaa iliyopita alirudi ofisini kwa mara ya tatu. Bado anasubiri, lakini safari hii jina lake liko kwenye foleni.

Najua wengine mtasema: karatasi hata ukiipata, nani atakualika? Inaweza kuwa kweli. Lakini mwaliko hauji na miezi sita ya kusubiri ndani yake. Unakuja na wiki tatu, na anayekwenda ni yule aliyekuwa tayari. Wale wapiganaji wa miguu ya magome hawakujua kama kichanga kile kitakuwa mfalme. Walijua tu kwamba lazima avuke. Mama zetu nao hawakutubeba kwa sababu walijua tutakuwa nani. Walitubeba, basi. Kazi iliyobaki ni yetu, na si ya kubeba kilo kumi na moja mlimani. Ni ya kubeba karatasi mpaka ofisini, kurudi, kwenda tena.

Mwenye cheti kisicholingana na hajui aanzie wapi, atutafute jumamosi asubuhi senta ya Katalyeba, kabla ya mazoezi. Njoo na karatasi zako zote, hata zile zilizolowa.